Kambini Wanaume Hupika

Mwindaji asiyejua kupika hakai porini siku tatu. Nalisema hili kwa sababu vijana wanaotusikiliza wazee wa wilaya ya Kilosa tukisimulia habari za mapori huondoka na picha ya bunduki tu: mlio, mnyama chini, wanaume wanashangilia. Mlio ni jambo la nukta moja. Kilichobaki, tangu alfajiri hadi usiku wa manane, ni kazi zile ambazo majumbani mwetu tumeziita za kike.

Mkifika mahali pa kupiga kambi, karibu na maji lakini pembeni ya njia ambayo wanyama hushukia kunywa, kazi ya kwanza ni kufagia. Mnakata matawi yenye majani, mnafagia uwanja mpaka udongo uonekane, kwa ajili ya nyoka, nge na siafu. Mmoja anabeba madumu kwenda kuchota maji. Mwingine anatafuta kuni, na kuni hazitafutwi ovyo: mpingo mkavu una moto mkali na makaa yake hudumu hadi asubuhi, ilhali mti mbichi hufuka moshi unaoitangaza kambi kwa kila pua ya porini. Aliyebaki anapanga mafiga, anabandika sufuria, anasonga ugali. Mnyama akipatikana ndipo kazi inapopamba moto. Kuna kuchuna kabla mwili haujapoa, kutoa matumbo bila kupasua nyongo, kuosha utumbo, kuchana minofu iwe mikanda myembamba na kuitia chumvi, kisha kujenga uchanja wa fito na kukesha na moshi, mkigeuza nyama upande huu na huu isije ikaingia funza. Asubuhi sufuria zinasuguliwa kwa mchanga na majivu. Shati lililochanwa na miiba linashonwa. Mwenzenu akishikwa na homa, anapikiwa uji na kukandwa kichwa kwa kitambaa cha maji.

Sikuwahi kuona mwanaume akiona haya kwa lolote kati ya hayo. Mwenye mkono mzuri wa kukausha nyama aligombewa na makundi. Tulimtaja kabla ya kumtaja mwenye shabaha, kwa sababu nyama iliyooza ni hasara hata kama ilipigwa kwa risasi moja. Lakini mwanaume huyohuyo akishavuka kizingiti cha nyumba yake, aliketi barazani na kungoja maji ya kunawa. Tulilichukulia kuwa jambo la kawaida, na wengi wetu tumelibeba hadi uzeeni.

Uzee unatutoa porini na kutupeleka nyumbani, na wengi wetu tunafika huko kama wageni. Hili linatuumiza sisi, linawaumiza wake zetu zaidi, na halina mizizi katika desturi tunayodai kuilinda. Ndiyo hoja yangu leo, na nitaitetea kwa yale niliyoyaona katika wilaya hii niliyofundishia shule za msingi hadi kustaafu, na niliyowindia kwa leseni kila msimu ulipofunguliwa na mshahara uliporuhusu.

Niseme kwanza kwamba pori lilianza kutuacha kabla magoti hayajachoka, na sina kinyongo nalo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kupakana na pori la akiba la Selous, na leo ina kilomita za mraba 3,230. Mwaka 1973 serikali ilifunga uwindaji nchi nzima, na miaka ilipita kabla ya kuufungua tena mwaka 1978. Tulionung'unika wakati ule tuliona baadaye kilichokuwa kikiogopwa. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous na mapori yanayoizunguka walihesabiwa zaidi ya laki moja. Hesabu ya ndege ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000. Waliowamaliza walikuwa majangili wa pembe, watu wenye bunduki za kivita na magari, na sisi tuliokuwa tunatoka ofisi ya wanyamapori ya wilaya na kibali cha ngiri mmoja na swala wawili tulijikuta tukitazamwa kwa jicho lilelile. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, za kusaka majangili, zilipopita, mzee yeyote mwenye bunduki ukutani alilala macho. Sheria ilikuwa na sababu zake. Ninayemsikitikia ni mwindaji wa kitoweo, aliyefungiwa mlango kwa makosa ya watu wa meno ya tembo.

Baada ya sheria ukaja mwili. Masikio huondoka kwanza, maana kila risasi huchukua sehemu yake. Kisha macho: saa ile ya alfajiri ambayo kulungu na kichaka vina rangi moja, mzee haoni tena mahali mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchambuzi wa safari za kuwinda zipatazo 23,000, za wawindaji zaidi ya 1,800 katika sehemu 40 za dunia. Walikuta kwamba mwindaji hufikia kilele chake kati ya miaka 30 na 35, kisha hukaa karibu na kilele hicho kwa muda mrefu wa utu uzima. Lakini lililonigusa ni jingine. Ndani ya kila sehemu, wawindaji walitofautiana zaidi katika kasi ya kushuka kuliko katika kasi ya kupanda. Vijana hupanda karibu sawasawa. Wazee hushuka kila mmoja kivyake. Nimewaona hapa Kilosa. Yupo aliyeweka bunduki chini akiwa bado na pumzi, yupo aliyekokota miguu milimani hadi wenzake wakaacha kumwita. Siku hizo za kushuka zilikuwa na maswali ambayo hakuna aliyetufundisha kuyajibu. La kwanza lilikuwa: nikiamka saa kumi na moja alfajiri, kama nilivyozoea maisha yangu yote, ninaamkia nini?

Jibu liko jikoni, maana wazee wetu hawakulitenganisha pori na jiko kama tulivyolitenganisha sisi. Wawindaji wa zamani niliowakuta, wale wa gobore na mitego, waliamini kwamba mwanaume akiwa porini usalama wake uko mikononi mwa mkewe. Mke alitakiwa atulie, asigombane na jirani, asitoke nje ya ndoa. Akikosea, nyati angemrudia mume. Mume naye alifungwa na miiko hiyohiyo. Kuna cha kulaumu katika imani hiyo, kwa maana mwanaume aliyejeruhiwa alirudi na kumtia mkewe hatiani. Hata hivyo ndani yake kuna ukiri mkubwa kwamba mawindo yalikuwa kazi ya watu wawili, mmoja akiwa mbugani na mwingine motoni. Na mkononi mwa mwindaji kulikuwa na ushahidi wa jambo hilo. Kila mwindaji makini alibeba kijifuko cha majivu laini, akikitikisa kidogo kidogo ili aone upepo unakokwenda, kwa sababu mnyama akipata harufu yako safari imekwisha. Majivu yale yalitoka jikoni. Yalichekechwa na mke.

Ukitaka kujua mawindo yanalisha nyumba kwa kiasi gani, watazame Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao huwinda na kuokota hadi leo. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliokaa nao katika miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwanaume aliyetoka kutafuta mnyama mkubwa alirudi bila kuua hata mmoja katika siku 97 kati ya 100. Watoto walikula kila siku kwa sababu ya mizizi, matunda na ubuyu, na kati ya waliofanya kazi zaidi kwenye kuchimba mizizi migumu walikuwa bibi, wanawake waliokwisha kuzaa zamani. Kutokana na hesabu hizo baadhi ya wanasayansi wanadai kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya umri wa kuzaa kwa sababu bibi wa kale walilisha wajukuu. Mjadala huo bado haujaisha na siuwezi. Ninachokiona ni kwamba hata katika jamii inayomsifu mpiga upinde, chungu cha kila jioni kilijazwa na mikono iliyozeeka, na mikono hiyo haikuwa ya wanaume.

Sasa nije nyumbani. Mzee wa Kilosa akionekana anafua, au amebeba ndoo ya maji kutoka bombani, watu wana neno lao tayari: kalishwa limbwata. Yaani mkewe amemtilia dawa kwenye chakula, akili si zake. Neno hilo huja kwa kicheko, na kicheko hicho kimewazuia wanaume wengi zaidi kuliko sheria yoyote. Mimi nimeambiwa, na nimeambiwa na watu ninaowaheshimu. Jibu langu huwa ni kuwauliza pilau ya harusi ya mwanao ilipikwa na nani. Katika nchi hii masufuria makubwa ya pilau na biriani ya shughuli, hasa pwani, hukorogwa na wanaume. Pita Dumila au Mikumi mjini jioni: anayegeuza nyama choma ni kijana wa kiume, anayekaanga chipsi ni kijana wa kiume. Nenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, vijana wanapika mesi, wanafua, wanapiga deki. Mwanaume anapika palipo na fedha, palipo na amri na palipo na pori. Mahali pekee anapoona haya ni pale ambapo hakuna atakayemlipa wala kumsifu, na aliyepo ni mkewe tu.

Wanaosema haya ni mila, waniambie mila ya kabila gani. Wilaya yetu ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, watu wa ukoo wa mama kama jirani zao Waluguru. Katika nyumba hizo mjomba alikuwa na sauti kuliko baba, na kijana aliyeposa alijua kwamba jembe lake litaonekana kwanza kwenye shamba la wakwe. Alilima kwao, akajenga kwao, akatumwa na mama mkwe na akaenda. Hakuna aliyesema kalishwa limbwata. Ubwana wa kukaa kitini na kuletewa kila kitu ulikuja kwa njia nyingine, nami nadhani uliletwa zaidi na mshahara: reli, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ofisi za serikali na, ndiyo, ualimu. Mwanaume alirudi nyumbani na fedha mwisho wa mwezi, akaona kazi yake imeishia hapo. Fedha ya mshahara hukoma siku ya kustaafu. Kuketi tukaendelea nako.

Kuna mahali ambapo mzee wa kiume wa zamani alikuwa na kazi inayoeleweka, nayo ni dungu. Msomaji wa mjini huenda hajaliona: kibanda cha juu ya miti, katikati ya shamba la mahindi au mpunga, ambamo mtu hukaa kulinda. Mchana ni nyani, tumbili na ndege. Usiku ni nguruwe pori, na kwenye vijiji vilivyo karibu na Mikumi ni tembo. Mzee aliyejua nyayo alikuwa na thamani dunguni pale. Alisikia nguruwe kwa jinsi wanavyokoroma na kuvunja mabua, akajua wamekuja na watoto au ni dume peke yake, akapiga debe upande unaofaa ili wasikimbilie shamba la jirani. Hii ilikuwa kazi ya uwindaji na kazi ya nyumba kwa pamoja, maana gunia lililookolewa ndilo lililoliwa Februari, mwezi wa njaa. Leo, kwenye vijiji vinavyopakana na Milima ya Udzungwa, wakulima wametundika nyuzi za mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili tembo akigusa waya, nyuki watoke. Kazi ya kutunza mizinga hiyo inawafaa wazee wenye ujuzi wa pori kuliko mtu mwingine yeyote: inataka utulivu, subira na kutokuogopa. Ningependa kuiona Masanze, Zombo na Mikumi yenyewe, na wazee wakipewa.

Lakini dungu lina msimu. Jiko halina. Nitaeleza yanayotokea mzee akiwa hana ujuzi wa jikoni, kwa mfano ambao watu wa hapa wataujua, ingawa simtaji mtu. Kulikuwa na mwindaji mwenzetu ambaye angeweza kukausha nyati mzima kwa usiku mbili, peke yake na msaidizi mmoja, na nyama ikafika Kilosa haina doa. Mkewe alifariki. Hadi arobaini majirani walileta chakula, kama ilivyo desturi. Baada ya arobaini kila nyumba ilirudi kwenye mambo yake, naye akaanza kushindia chai na maandazi ya kununua. Mboga ilikuwa bustanini, unga ulikuwa ndani ya pipa. Watoto walipokuja na kumkuta amekonda, walifanya walichoona ni busara: walimchukua kwenda naye Dar es Salaam. Shamba likakodishwa, kisha likauzwa. Huko aliishi chumba cha uani, bila kazi, bila mtu wa rika lake, hata akaacha kuuliza habari za mvua. Mtu yule alikuwa mpishi. Alikuwa mpishi bora kuliko wengi wetu. Kilichomshinda kilikuwa kuamini kwamba ujuzi ule ulikuwa halali porini tu.

Mfano wa upande wa pili ni wa kawaida kiasi kwamba hatuuoni tena. Mwanamke wa miaka 68, magoti yamevimba, anainama kuwasha moto. Anapepeta, anaosha vyombo chini, anabeba ndoo. Mumewe, mwenye miaka 72 na magoti yaleyale, yuko chini ya mwembe anacheza bao. Mwanaume alistaafu, yeye hakuwahi kupewa barua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliihesabu familia kuwa nguzo ya matunzo ya mzee, na sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi ni karibu asilimia 6 ya Watanzania wote. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mwenye miaka 70 na zaidi, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Bara bado tunaidai, na tuna haki ya kuidai. Lakini hata ikija kesho, haitawasha moto. Tunaposema familia imtunze mzee, katika nyumba nyingi familia hiyo ni mwanamke mzee mwenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba kuna wajukuu. Hapo naomba nisikilizwe kama mwalimu. Kwa miaka mingi niliita majina asubuhi, nikajua kwa kuangalia madawati ni nyumba ipi ina bibi mgonjwa: mjukuu wa kike alichelewa, au alikuja miguu ina matope ya kisimani na macho yamejaa usingizi. Kaka yake alikuwa ameshafika. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne, na hilo limefungua milango mikubwa. Halikuondoa ndoo kichwani. Babu mwenye nguvu ya kutembea hadi kijiwe cha bao na kurudi ana nguvu ya kuchota dumu moja la maji kabla ya jua kutoka, na dumu hilo moja linaweza kumfikisha mtoto shuleni kwa wakati.

Mimi naamka saa kumi na moja. Nawasha moto, kuwasha moto nilifundishwa na baba katika mvua ya Machi, kwa hiyo hakuna kuni inayonishinda. Mke wangu ana tatizo la nyonga, anaamka taratibu, na akitoka chai iko tayari. Nafagia uwanja. Kuosha vyombo nakupenda, na sioni sababu ya kuficha: ni kazi ambayo mwanzo na mwisho wake unauona, na mikono yangu, ambayo sasa hutetemeka nikishika kitu chepesi, hutulia ikiwa ndani ya maji ya moto. Kupika tumegawana. Nyama, samaki na maharage ni vyangu, mboga za majani ni zake kwa sababu ananishinda kwa mbali, hasa mlenda. Kufua tunafua pamoja, mimi nakamua. Bibi huyu alilea watoto na kulima mpunga miaka yote niliyokuwa nikifundisha na kuwinda, na siku hizi tunazungumza jikoni kuliko tulivyozungumza katika ndoa yote. Ananiuliza habari za porini ambazo hakuwahi kuuliza, na nimegundua kwamba hakuuliza kwa sababu nilizoea kuzisimulia barazani kwa wanaume.

Na jambo la moto lenyewe linabadilika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Wilaya yetu, ambayo mkaa wake unakwenda Morogoro na Dar es Salaam, na ambayo vijiji vyake vilianza mradi wa mkaa endelevu mwaka 2012, italisikia badiliko hilo mfukoni. Mitungi ya gesi imeingia Kilosa, na nimeona wanaume wakiinunua kwa fahari, wakaibeba wenyewe hadi jikoni, wakaunga mpira, wakawasha mara moja kuonyesha inavyofanya kazi, kisha wakatoka na hawakurudi tena. Mtungi ulikuwa chombo kipya chenye ufundi ndani yake, kwa hiyo ulifaa kushikwa na mwanaume kwa dakika tano. Nawaomba wakae dakika ya sita, wabandike maji.

Pori halijanitoka. Basi la Iringa hupita ndani ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, dereva akiwa amepunguza mwendo kwa sheria na kwa hofu ya faini ya kugonga mnyama, na humo nawaona kabla ya abiria wengine: twiga kwenye kivuli, pofu mbali kwenye tambarare ya Mkata, nyati waliolala ambao kwa mtu mwingine ni mawe. Wajukuu waliokuja na treni ya umeme kutoka Dar nimewapeleka hivyo. Mmoja, wa kiume, aliniuliza, "Babu, utanifundisha kuwinda?" Nilimwambia nitamfundisha. Tulianza na kisu: kunoa, kushika, kuchinja na kunyonyoa kuku, kumpasua bila kutoboa nyongo, kumkata viungo mahali viungo vinapokutana. Kisha moto. Kisha sufuria. Alipouliza bunduki iko wapi, nilimwambia kwamba hata mimi nilikaa misimu mitatu nikichota maji ya kambi na kugeuza nyama juu ya uchanja kabla mjomba hajaniruhusu kushika gobore lake. Huenda asiwinde kamwe. Nyamapori sasa inaweza kununuliwa buchani kihalali, tangu kanuni za mwaka 2020, na mapori ya wazi tuliyoyajua yamekuwa mashamba na malisho. Lakini yale mengine yote ya kambini atakuwa nayo.

Hofu ninayoisikia kwa wenzangu ni ya heshima: mwanaume akishika mwiko, wanawe watamtii? Ninawajua watoto wangu. Walinitii nilipokuwa na mshahara na bunduki, na sasa sina hata kimoja. Wanapopiga simu huanza kwa kumwuliza mama yao, "Baba yuko?", kwa sababu wanajua nitawaambia kilichopikwa, nani mgonjwa mtaani, mahindi ya nani yameliwa. Hapo zamani walipiga simu, wakasema na mama yao, kisha wakanisalimia. Heshima ya namna hii inanitosha, na naiona ni nzito zaidi.

Wilaya nyingi sasa zina mabaraza ya wazee, hadi ngazi za vijiji. Nimehudhuria vikao. Tunajadili pensheni, dirisha la wazee hospitalini na vitambulisho vya matibabu bila malipo, na ni sawa tuyajadili hayo. Katika kikao kijacho nitaomba ajenda moja iongezwe: wanaume wajumbe wataje, kila mmoja, ni kazi gani ya nyumba anayoifanya kila siku, na wafiwa wa kiume watembelewe baada ya arobaini na mtu wa kukaa nao jikoni wiki mbili tatu, mpaka wapike wenyewe. Wawindaji wa zamani tujitolee kuwa wa kwanza kwenda. Chumvi na kisu tutakuja navyo.